Shangazi, shairi langu limepigiwa makofi mjini, mama amenyamaza nyumbani

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 28, ni mtoto wa tatu kati ya sita, na nimezaliwa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino. Kwa sasa naishi Dodoma mjini na ninafanya kazi kwenye duka la steshenari kule Mtumba, karibu na Mji wa Serikali. Kazi yangu ni kuchapa barua za watu, kutoa kopi na kufunga ripoti. Umeme ukikatika au wateja wakipungua mchana, natoa daftari langu chini ya kaunta na kuandika mashairi. Yamefika 43.

Naandika kuhusu kwetu tu. Si kwamba nilikaa nikaamua hivyo. Nikijaribu kuandika kuhusu bahari, ambayo nimeiona mara mbili maishani, maneno yanakuja kama ya mtu mwingine. Lakini nikiandika vumbi la mwezi wa kumi, au mlenda unavyovutika kutoka kwenye chungu, au ule mbuyu ambao babu alikuwa anauonyesha kidole akisema "shamba letu linaishia pale", mkono unakwenda wenyewe.

Shida ni kwamba Kigogo changu ni cha kuungaunga. Nilipelekwa bweni nikiwa na miaka 11, na shuleni tulichapwa tukikutwa tunaongea kilugha. Leo nasikia kila kitu, hata mafumbo ya wazee, ila nikifungua mdomo nachanganya na Kiswahili, na watoto wa shangazi yangu wanacheka. Hata salamu yangu ya "mbukwenyi" wanasema ni ya mgeni.

Bibi yangu mzaa baba bado yupo, amepita miaka 80. Zamani wakisaga uwele juu ya jiwe walikuwa wanaimba, na yeye anazikumbuka nyimbo zile mpaka leo. Jiwe lenyewe liko nyuma ya nyumba, kuku wanakunywa maji humo. Nilichukua mapigo ya wimbo wake mmoja, yale ya kusukuma mbele na kurudisha, nikatunga shairi la Kiswahili, na maneno mawili matatu ya Kigogo nikayaacha yalivyo. Sitayaandika hapa kwa sababu sijui kama ni yangu kuyatoa.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie. Nilipokuwa na miaka 9, mvua ilikatika mwezi wa pili na uwele ukakaukia shambani. Baba alikwenda Dar es Salaam, akakaa miezi mitano. Alirudi amekonda, na gunia la mahindi, na khanga ya mama. Hakuwahi kutuambia alifanya kazi gani kule. Shuleni watoto walikuwa wananiimbia kwamba baba yangu anaomba kwenye mataa. Baba alifariki miaka sita iliyopita, na mimi nikaandika shairi linaloitwa "Mataa". Linaanza hivi:

Taa nyekundu, baba ananyoosha kiganja,
kiganja kilichopanda uwele,
kiganja kilichonibeba nikiumwa.
Taa ya kijani, magari yanaondoka na jina lake.

Mwaka huu nilijiunga na kikundi cha washairi hapa mjini. Kwenye jioni ya mashairi nikasoma "Mataa". Shangazi, watu walisimama. Dada mmoja alilia. Lakini nyuma kabisa nikasikia sauti ya mwanaume, "Kumbe ndiyo kwao," na watu wakacheka. Mpaka leo sijui nikumbuke lipi, makofi au kile kicheko.

Mlezi wa kikundi chetu, mzee anayeheshimika sana, aliniita pembeni. Anasema anaweza kunisaidia kupata mchapishaji na kuuandaa muswada kwa ajili ya tuzo. Masharti yake: diwani iitwe "Mataa", niongeze mashairi ya njaa na ya kuomba kwa sababu "ndiyo yanayogusa", niondoe maneno ya Kigogo, na niyatie yote vina na mizani. Alinionyesha mfano kwa kuupanga upya ubeti wangu:

Bakuli kalitembeza, penye mataa mjini,
Watu akabembeleza, watoto wale nyumbani.

Mizani imetimia, nane kwa nane. Vina vimekaa. Ila nikiusoma simwoni baba.

Wakati nafikiria la kumjibu, mtu mmoja alikuwa amenirekodi kwa simu siku ile ninasoma, na video ikafika kijijini kwa WhatsApp. Nilipokwenda nyumbani Jumamosi, mama alikuwa jikoni. Aliniambia, "Baba yako hakuomba, alihemea," akaendelea kusonga ugali. Baba mdogo ndiye aliyenifokea. Alisema nimewavua nguo, kwamba Wagogo tunatukanwa nchi nzima kuwa ombaomba, na sasa mtoto wa nyumbani ameongeza kuni. Bibi yeye aliuliza tu, "Nyimbo zangu umezipeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo mama ananipokea simu, tunaongea habari za kuku na za mvua, kisha anasema haya mwanangu, anakata.

Mlezi anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Je, nina haki ya kuandika kuhusu Ugogo wakati hata lugha yake siijui vizuri? Nilitoe shairi la baba? Au niandike kwa Kigogo, nisomwe na watu kumi? Wakati mwingine nafikiria kuliacha jambo lote na kuandika mapenzi kama wenzangu. Nisaidie, Shangazi.

Binti wa Chamwino, Dodoma

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma jioni, nikailalia, nikaisoma tena alfajiri. Nimefundisha Kiswahili shule za msingi kwa miaka mingi, kwanza Kondoa nilikozaliwa, baadaye Kongwa, na watoto wengi wa Kigogo wamepita mikononi mwangu. Mimi ni Mrangi, kwa hiyo yapo ya kwenu ninayoyajua kwa jirani tu. Nikikosea, bibi yako atanisahihisha kupitia kwako.

Nikurudishie kwanza ulichoniambia, uone kama nimekusikia. Una mlezi anayekuvuta kuelekea kitabu, na anakutaka ufike huko na njaa mkononi. Una mama ambaye hakukukataza chochote, ila ameweka ukimya katikati yenu. Una bibi aliyeuliza swali na hajajibiwa. Una baba mdogo mwenye hasira ambayo hata mimi naielewa. Na nyuma ya wote yupo baba, ambaye hawezi tena kujisemea. Wewe umeniuliza kama una haki. Mimi barua yako imenifanya nijiulize jambo linalotangulia hilo: unajua kweli baba alifanya nini kule Dar es Salaam?

Mama yako alisema maneno manne. Umeyaandika na kuyapita haraka, ukakimbilia kwa baba mdogo aliyefoka. Mimi nimekaa nayo siku nzima. Kuhemea ni neno la Kiswahili, kamusi inalo, lakini kwa watu wa mikoa ya kati lina historia ndefu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima kwa kawaida haipati zaidi ya milimita 500 hadi 600. Februari ikikausha, uwele haujatoa masuke, mtu hana msimu wa pili wa kujaribu tena. Ndipo anafunga safari kukifuata chakula kilipo. Analima kibarua kwenye mashamba ya watu, anabadilisha mbuzi kwa nafaka, anabisha hodi kwa ndugu wa ukoo, ananunua akiwa na senti. Wazee wa Ugogo wamezipa njaa majina, na ile ya 1917 hadi 1920 waliiita Mtunya. Ilikuwa vita vya kwanza vya dunia. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua nayo ikakosa, watu wakatawanyika. Familia iliyobaki hai baada ya miaka ile ilibaki kwa sababu kuna mtu alikwenda kuhemea. Kwa masikio ya mama yako, kuomba na kuhemea ni maneno mawili yaliyo mbali sana. Katika shairi lako wewe, baba anaondokewa na jina lake. Anayehemea huondoka na jina lake na kurudi nalo, pamoja na gunia.

Sikuambii kwamba baba hakunyoosha mkono. Mimi sikumwona, na wewe pia hukumwona. Huenda kwenye miezi mitano ile alibeba mizigo siku nyingi na siku nyingine mambo yakamshinda. Na kama alinyoosha mkono kwa ajili ya watoto sita, sioni alichopungukiwa cha utu. Ninachokuuliza ni hiki: shairi linamsimamisha mataani kwa uhakika kabisa. Uhakika huo ulitoka wapi? Kwa jinsi ulivyoandika, ulitoka kwa watoto wa shule waliokuwa wanakuimbia ukiwa na miaka 9. Inawezekana, mwanangu, kwamba wimbo wao ndio uliokaa ndani yako miaka yote hii, na ulipotaka kumlilia baba ukakuta maneno yao yametangulia mdomoni.

Kisha rudi kwenye ubeti wa mlezi uutazame tena. Wewe uliandika kiganja, kiganja kilichopanda uwele, kilichokubeba. Yeye ameandika bakuli. Bakuli hilo halikuwemo kwenye shairi lako hata mara moja. Nadhani ndiyo sababu humwoni baba, na sidhani kwamba kosa ni la mizani. Mzee wa watu alihitaji neno la kuingia kwenye mizani nane, akachukua lililokuwa karibu, na lililokuwa karibu ni lile ambalo nchi nzima hulitaja ikisikia jina la kwenu.

Kuhusu kile kicheko, nacho kinataka kuangaliwa taratibu. Sisi Watanzania tuna utani, na utani wa makabila umeponya mengi kati yetu. Lakini mtani ni yule ambaye na wewe unaweza kumgeuzia, mkacheka wote wawili, na msibani anakuja kukushika mkono. Mtu wa nyuma ya ukumbi hukumjua, wala hukupata nafasi ya kumjibu. Huenda alikuwa mtani kweli, huenda alikuwa na dharau. Baba mdogo amekisikia kicheko hicho maisha yake yote, kwenye mabasi, kwenye ofisi, na safari hii akakisikia kwenye simu kikitoka mahali ambapo mtoto wa nyumbani ndiye aliyekuwa anasema. Hasira yake usiihesabu kuwa ujinga wa mtu asiyejua fasihi. Hata hivyo, hasira yake si kiapo kwamba jambo lisitajwe. Kuna familia zilizokaa kimya kuhusu njaa mpaka wajukuu wakadhani babu zao walikuwa wavivu.

Umesema Kigogo chako ni cha kuungaunga na kwa hiyo pengine huna haki. Hapo naomba nikubishie kidogo. Mtu anayesikia mafumbo ya wazee hajapoteza lugha; amepoteza mazoezi ya mdomo, na yaliyompotezea ni fimbo za bweni, si moyo wake. Wanaokucheka kwa "mbukwenyi" yako ni walimu wa bure. Kaa nao. Na mapigo ya jiwe la bibi, uliyatoa wapi kama si sikioni? Hayo hayafundishwi darasani.

Tena hapo Mtumba unapofanyia kazi uko jirani na Ihumwa. Ihumwa ndiko alikozaliwa mshairi Mathias Mnyampala, mwaka uleule wa 1917 Mtunya ilipoanza. Kigogo ndiyo lugha aliyonyonya. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, na alikiandika kwa Kiswahili. Mwaka 1963 ikatoka diwani yake, vina na mizani kama watu wa pwani, na hakuna aliyemwambia si Mgogo. Yeye ndiye aliyeikuza ngonjera, ile ya kujibizana, ambayo mimi mwenyewe nimewafundisha watoto kwa miaka mingi, wamepanga mistari miwili uwanjani, huyu anauliza, yule anajibu, jua la saa saba linawapiga na hawataki kuacha. Kwa hiyo mlezi wako hakosei akisema mizani inaweza kubeba Ugogo. Ilishabeba. Ila upande wa pili nao una watu wake. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya mashairi yasiyofuata vina mwaka 1974, mabishano yaliwaka, na leo mashairi yake yanasomwa. Naye alikuwa mtoto wa Ukerewe aliyeandika Kiswahili.

Nilipokuwa nafikiria ngonjera, wazo moja lilinijia na sikuweza kulifukuza. Shairi lako lina sauti moja, ya binti. Mama yako jikoni alikwisha kuijibu. Sijui kama unaweza kulisikia hilo jibu lake kama sauti ya pili. Sijui kama yeye angependa. Nalitaja tu kwa sababu uliniuliza ulitoe shairi au ulibakize, na pengine shairi lenyewe halijaisha.

Ukiamua kuliondoa, utaipa familia nafasi ya kupumua, na hilo si jambo dogo. Lakini video imekwisha kusambaa, na kitakachobaki duniani kuhusu baba yako kitakuwa ile rekodi ya simu, pamoja na kile kicheko ndani yake. Ukilibakiza kama lilivyo, utakuwa umesema kweli yako ya mtoto wa miaka 9, na ni kweli, maana aibu ile uliibeba wewe na hakuna wa kukubishia. Ila mama ataishi na kitabu chenye jalada linalosema "Mataa". Jina la diwani huwa linatangulia kuingia nyumbani kabla ya mashairi. Na ukiongeza mashairi ya kuomba kwa kuwa ndiyo yanayogusa, nina wasiwasi na kinachoweza kukupata wewe mwenyewe: mbuyu wa babu na chungu cha mlenda vitaanza kuonekana havitoshi, na kila ukiketi kuandika utakuwa unatafuta jeraha.

Mlezi simwoni kama adui. Kumfungulia kijana mlango wa mchapishaji ni wema mkubwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, imeupa ushairi wa Kiswahili heshima iliyokuwa imepungua, na sioni ubaya wowote wa wewe kuitamani. Lakini masharti yake manne si lazima uyameze kama kidonge kimoja. Kutia vina ni suala la ufundi, mnaweza kukaa mkaligombania ubeti kwa ubeti, na utajifunza mengi. Maneno ya Kigogo yanaweza kuelezwa nyuma ya kitabu, au yakaachwa msomaji ayaelewe kutokana na mstari. Kuongeza njaa ni jambo jingine kabisa. Muulize pia, kwa heshima, muswada utabaki kuwa wa nani na jina la nani litakuwa kwenye mkataba. Hata sijasikia akikuuliza ni shairi gani kati ya yale 43 unalipenda wewe. Ningetamani kulijua.

Kuandika kwa Kigogo umekutaja kama adhabu: kusomwa na watu kumi. Nani kati ya hao kumi ungependa awe wa kwanza? Aniceti Kitereza, naye wa Ukerewe, alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikupata wa kuichapa. Mwishowe aliihamishia Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe, na ikatoka mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Kusubiri miaka 35 kunauma, na sikufichi hilo. Hata hivyo wanaoisoma leo kwa Kiswahili wanaona kabisa kwamba ilifikiriwa kwa Kikerewe, na kisiwa kizima kimo humo. Kwa Kigogo utakutana pia na taabu ya tahajia, maana wengine wataandika kwa "ch" na wengine kwa "c", ingawa Biblia ya Kigogo na vitabu vya nyimbo kanisani vitakusaidia. Au unaweza kuandika kwa Kigogo bila nia ya kuchapa, ukaona tu mstari wa Kiswahili unavyogeuka ukipita huko kwanza. Wewe unafanya kazi mahali penye karatasi na mashine. Nakala kumi za kijitabu hazikushindi, ukiongea vizuri na mwenye duka.

Sasa bibi. Nikiri kwamba hapa ndipo roho yangu ilipokaa zaidi. Kwetu Kondoa tuna michoro ya miambani, ile ya Kolo, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nimewapeleka wanafunzi pale mara nyingi. Kila mara kuna mtoto anayeuliza, "Mwalimu, hawa watu wamechorwa wakifanya nini?" Nami namwambia wataalamu wanasema hivi, wengine wanasema vile. Waliochora hawapo wa kuulizwa. Kwako wewe, aliyeutia ule wimbo kwenye jiwe bado yupo, na ndiye aliyeanza kuuliza. "Nyimbo zangu umezipeleka wapi?" Uliisikia kama lawama. Inawezekana ni lawama. Inawezekana pia ni mwanamke wa miaka zaidi ya 80 anayetaka kujua wimbo wake umefika wapi, na watu walioupokea walikuwaje.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitaja kazi za jadi na kuzilinda, kwa hiyo hata serikali inatambua kwamba wimbo wa kusaga haukuokotwa njiani. Ila kati yako na bibi sheria iko mbali. Unaweza kumsomea shairi lako, kisha ukanyamaza. Anaweza kukuambia, huu haukuwa wa kusaga, huu tuliimba mtu akiondoka. Anaweza kukuambia mstari fulani hautoki nje ya nyumba, na hapo utapoteza shairi zuri, na utaumia. Anaweza pia kukupa nyimbo nyingine nane. Mwanamuziki wa Kigogo, Hukwe Zawose, alizitoa nyimbo na zeze na marimba za Ugogo akazifikisha Ulaya, kwa watu wasiojua neno moja la Kigogo, mpaka alipofariki mwaka 2003. Aliziimba kwa Kigogo. Watu walikaa kimya wakasikiliza.

Kuhusu mama, sina dawa, na nisikudanganye kwamba ninayo. Najua tu kwamba simu haitoshi. Kwenye simu mtaishia kwa kuku na mvua. Ukienda, labda nenda siku ya kazi, wakati wa palizi au wa kuchambua mboga, mikono yenu ikiwa na shughuli na macho yakiwa kwenye kazi. Daftari liache kwenye begi. Usimhoji kama mwandishi wa habari. Huenda ukamuuliza kitu kidogo sana, mathalani ile khanga ilikuwa na maneno gani. Mwanaume aliyekonda miezi mitano akarudi na gunia la mahindi pamoja na khanga, alisimama dukani akaichagua. Mama yako anayakumbuka maneno yake, nina hakika. Au hatasema chochote, na mtarudi ndani na mboga zenu, na hiyo nayo utaibeba ilivyo.

Baba mdogo mwachie muda. Akipoa, yeye ndiye mwanaume pekee aliyebaki anayeweza kujua kaka yake alilala wapi kule Dar.

Na mapenzi? Andika mapenzi, mwanangu, nani kakuzuia. Ila nimeusoma ule mstari wa kiganja kilichokubeba ukiumwa, na sijui wewe unauita shairi la nini.

Tarehe ya mlezi ni ya mlezi. Anaweza kukubali kusubiri mpaka baada ya mavuno, anaweza kukataa, na mlango huo ukafungwa kwa sasa. Hasara hiyo ni ya kweli na utaipima wewe. Mimi nitakuwa hapa. Ukirudi kutoka nyumbani uniandikie, hata kama ni mistari miwili, uniambie khanga ilisemaje. Na umsalimie bibi sana. Mwambie kuna mwanamke wa Kondoa anamuuliza kama lile jiwe, kuku wakiondolewa na likioshwa, bado linasaga.

Shangazi yako